Samaki Waliopotelewa na Wazee Wao

Mwezi Mei 2025 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Norwei, iliyoko mjini Bergen, walichapisha katika jarida la Nature habari ambayo hapa Mombasa haikusikika kabisa. Sioni ajabu, kwani ilihusu samaki ambaye ukizunguka Marikiti na soko la Bandari ya Kale kutwa nzima humpati. Samaki huyo ni heringi. Kwa ufupi, walisema heringi wa Norwei wameipoteza njia yao. Zamani walikuwa wakienda kutaga mayai pwani ya Møre, magharibi mwa nchi ile. Sasa wengi wao wanatagia karibu na visiwa vya Lofoten, kiasi cha kilomita 800 kaskazini zaidi. Kwa barabara, hapo ni kama kutoka hapa kwetu mpaka Kisumu. Waliokuwa wakiijua njia walivuliwa kabla wadogo hawajapata nafasi ya kuwafuata.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi, na samaki wa maji ya baridi walinivuta kwa sababu moja kubwa: wameandikwa. Heringi wa kaskazini amehesabiwa, amepimwa na kuchunguzwa umri kwa zaidi ya miaka 100. Samaki wetu tunawajua kwa ladha, kwa msimu na kwa majina ya miamba yao, lakini ukitaka kujua mwaka 1950 walikuwa wangapi, hakuna wa kukwambia. Kwa heringi kuna wa kukwambia. Anayetaka kuelewa jinsi umati wa samaki unavyoinuka na kuanguka, na ni lini unaweza kuinuka tena, atajifunza mengi kwa samaki huyu kuliko kwa karibu samaki mwingine yeyote wa biashara.

Nitasema mapema ninachoamini. Hali ya samaki baharini haipimwi kwa uzito peke yake. Tani milioni moja ya samaki wachanga watupu na tani milioni moja yenye wachanga, wa makamo na wazee si kitu kimoja, ingawa mizani itasema ni sawa. Heringi wametuonyesha jambo hili mara mbili ndani ya miaka 60, na sisi wa pwani ya Kenya, ambao bado tunaandika kilo tu katika madaftari ya bandarini, tunalihitaji sana somo hilo.

Kwanza, umri wa samaki unajulikanaje? Ami yangu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake alivua kwa malema na mshipi nje ya mwamba wa Nyali, alikuwa akitupasulia kichwa cha changu mkubwa tulipokuwa watoto. Anakilaza juu ya ubao, anagonga kisu katikati ya fuvu hadi liachane, kisha kwa ncha ya kisu anachokoa vijiwe viwili vyeupe, kimoja kila upande, vilivyokaa ndani ya vifuko vyao nyuma ya ubongo. Anavisuuza kwa maji na kutupa mkononi bado vina utelezi. Upande mmoja vina mfereji mwembamba, ukingoni vina meno madogo. Sisi tulivifanya kete. Kumbe umri wa changu yule ulikuwa mle: kijiwe hukua tabaka juu ya tabaka, na mtaalamu akikikata kipande chembamba na kukisugua mpaka mwanga upite, anaziona pete na kuzihesabu.

Heringi ni rahisi zaidi, maana hata gamba lake linatosha. Majira ya joto samaki anakula, anakua, na gamba linapanuka. Baridi ikiingia ukuaji unasimama, na gamba linabaki na mstari. Mwaka mmoja, mstari mmoja. Mnorwei Johan Hjort na wenzake walikusanya magamba kwa maelfu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuyasoma, na mwaka 1914 Hjort akatoa kazi iliyogeuza fikra za watu kuhusu uvuvi. Hadi wakati huo watu wengi waliamini kwamba heringi wakiadimika basi wamehamia kwingine. Hjort alionyesha kwamba tofauti kubwa ilikuwa katika uzazi. Samaki waliozaliwa mwaka 1904 walikuwa wengi kupita kiasi, na rika hilo moja liliendelea kujaza nyavu za Wanorwei kwa zaidi ya miaka kumi, huku marika ya kabla na baada yake yakiwa kidogo mno. Wavuvi walikuwa wanaishi kwa neema ya mwaka mmoja bila kujua.

Hapa inafaa kuyajua maisha ya samaki mwenyewe. Heringi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 30 na ushei, na akiachwa anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Hutaga Februari na Machi, na mayai yake hayaelei: yanazama na kugandamana na changarawe na mawe ya chini. Mama mmoja hutaga makumi ya maelfu. Vifaranga wakitoka, mkondo wa pwani unawabeba kuelekea kaskazini hadi Bahari ya Barents, na huko, katika maji baridi, wanakaa kama miaka mitatu kabla ya kujiunga na wakubwa. Wakubwa nao majira ya joto wanasambaa Bahari ya Norwei wakila vijidudu vidogo vya jamii ya kamba, majira ya baridi wanakusanyika makundi mazito wasile karibu chochote, kisha wanashika safari ya kwenda kutaga. Katika mzunguko huo wote, hatari kubwa ni kwa kifaranga. Miaka mingi wanakufa karibu wote kwa njaa, kwa kuliwa, au kwa kupelekwa pasipofaa. Mwaka mmoja kati ya mingi mambo yanakutana, chakula kinakuwepo wanapokihitaji, na rika kubwa linazaliwa. Kwa hiyo wazee wa kundi ndio akiba: wanatagia mwaka mbaya, wanatagia mwaka mbaya mwingine, mpaka mwaka mzuri uwakute bado wako hai.

Akiba hiyo ndiyo iliyovunjwa miaka ya 1960.

Miaka ya 1950 heringi hawa walikuwa umati wa zaidi ya tani milioni 10, mmoja wa umati mkubwa kabisa wa samaki duniani. Kisha zana zikabadilika kwa haraka. Sona ikamwezesha nahodha kuwaona samaki walio chini sana, pasipofika jicho. Nyavu za nailoni zikachukua nafasi ya zile za pamba. Na likaja kapi kubwa la kuendeshwa kwa mashine, lililobuniwa na Mario Puratić, mvuvi mwenye asili ya Croatia aliyekuwa akiishi Marekani, ambalo linavuta ringineti nzima, wavu wa kuzingira kundi la samaki, kutoka majini kwa watu wachache tu, kazi iliyohitaji mabaharia wengi na mikono yao. Wanorwei, Waisilandi na Warusi wote waliingia. Mwaka 1966 zilivuliwa karibu tani milioni 2. Sehemu kubwa haikuliwa na binadamu. Ilisagwa unga wa samaki na kukamuliwa mafuta. Huku wakubwa wakichotwa bahari kuu, wachanga nao walikuwa wakivuliwa ndani ya hori za Norwei kaskazini kwa ajili ya viwanda hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 samaki wa kutaga waliobaki hawakufika asilimia moja ya wale wa miaka ya 1950.

Ukitaka kujua jambo hilo lilivyowauma watu, tazama mji wa Siglufjörður, kaskazini mwa Iceland. Ulikua kwa heringi. Vyombo vikifunga gati, wanawake waliitwa hata usiku wa manane, wakasimama kwenye magati wakikata vichwa na kupanga samaki na chumvi ndani ya mapipa, na malipo yao yalikuwa kwa pipa. Nikisoma habari zao nawafikiria mama karanga wetu, wanaosimama ufukweni tangu alfajiri na karai wakingoja madau, ambao nao riziki ya siku inategemea kilichoteremshwa. Mwaka 1968 heringi hawakuja. Mwaka uliofuata hawakuja. Sarafu ya nchi ilishushwa thamani 1967 na tena 1968, watu wakakosa kazi, wengine wakahama nchi kabisa, hata hadi Australia. Siglufjörður leo ina jumba la makumbusho ya heringi, na wageni huenda kutazama jinsi mapipa yalivyokuwa yakijazwa.

Uvuvi ulibanwa karibu kabisa kwa miaka mingi. Hilo nataka lieleweke vizuri, kwa sababu kwetu mtu akitaja kufunga eneo kwa miezi mitatu pananuka ugomvi. Wanorwei walingoja zaidi ya miaka kumi wakiwalinda samaki wachache waliobaki, na kila mwaka vifaranga walizaliwa wakafa. Mwaka 1983 maji ya Barents yalikuwa na joto la kuridhisha, chakula kikawepo, na rika kubwa likaokoka. Likalindwa mpaka likakomaa, na kwa mgongo wa rika hilo heringi walirudi, na miaka ya 1990 wakawa tena mamilioni ya tani. Ni mojawapo ya habari njema chache katika historia ya uvuvi, na inanipa matumaini kila nikiikumbuka.

Lakini hata habari njema ilikuwa na gharama. Watoto wa 1983 walipokuwa Barents walikula vifaranga wa kapelini, samaki mdogo ambaye chewa wa huko (si chewa wetu, ni yule Waingereza wanayemwita cod) na ndege wanamtegemea. Kapelini, ambao wavuvi nao walikuwa wakiwachota, wakaporomoka katikati ya miaka ya 1980. Chewa wakakonda na kulana wenyewe kwa wenyewe. Sili wenye njaa wakaja pwani ya Norwei kwa maelfu mwaka 1987 na kunasa katika nyavu. Na kwenye kisiwa cha Røst, huko Lofoten, ndege aitwaye pafini, anayewalisha makinda wake heringi wachanga, alikuwa ameshapoteza makinda mwaka baada ya mwaka tangu heringi walipoanguka. Ukigusa samaki mmoja wa aina hii umegusa nyumba nzima.

Sasa turudi kwenye njia.

Kabla ya anguko, heringi wa Norwei walikuwa wakienda kula magharibi hadi karibu na Iceland, na majira ya baridi walikaa mashariki mwa kisiwa hicho. Walionusurika baada ya anguko walibaki kando ya pwani ya Norwei tu. Rika la 1983 lilipokua halikuwa na wa kulipeleka Iceland. Kwa miaka mingi lilikaa majira ya baridi ndani ya hori mbili nyembamba, Ofotfjord na Tysfjord, samaki mamilioni kwa mamilioni wamejazana ndani ya maji yaliyozungukwa na milima, na nyangumi wauaji wakawafuata mumo humo. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakahama tena kwenda bahari kuu. Kila mara mabadiliko makubwa ya njia yalikuja pale rika kubwa la vijana lilipoingia na wazee wakiwa wachache.

Maelezo ya watafiti wa Bergen ni haya. Heringi hazaliwi na ramani. Kijana anayeenda kutaga mara ya kwanza huingia kwenye kundi la waliokwisha kwenda, na huwafuata. Wazee wakiwa wengi wa kutosha, vijana wanaishika njia, na mwaka unaofuata wao wenyewe wanakuwa wenye kuijua. Mwaka 2016 lilizaliwa rika kubwa, la kwanza la aina hiyo baada ya zaidi ya miaka kumi ya marika dhaifu. Lakini katika miaka ile wavuvi walikuwa wakiwaandama samaki wakubwa, wenye mafuta na bei nzuri, na wazee walipungua sana. Zaidi ya hayo wazee waliobaki walikuwa wakikaa majira ya baridi bahari kuu huku vijana wakiwa katika hori za kaskazini. Hawakukutana. Vijana walipopevuka walitafuta mahali wao wenyewe, wakatagia Lofoten. Na wale wazee wachache waliosalia, watafiti wameona, wakaishia kuwafuata vijana.

Hili lilipatikana kwa kazi ya subira: takwimu za uvuvi, safari za meli za utafiti, na samaki waliowekewa vidude vidogo vya utambulisho mwilini kisha wakasomwa walipopita kwenye viwanda vya samaki. Napenda kwamba wavuvi wenyewe walikuwa sehemu ya kazi hiyo, kwani viwandani ndiko samaki wao walikoteremshwa.

Kuna wasomaji watakaosema: basi wametagia kaskazini, kuna ubaya gani, mayai ni mayai. Ubaya upo, au angalau hatari ipo. Pwani ya Møre ilichaguliwa na vizazi vingi, na kutoka pale kifaranga anasafiri na mkondo mrefu uliojaa chakula kabla ya kufika Barents. Ukizaliwa Lofoten safari inafupika, na unafika ungali mdogo. Viumbe wa kusini nao wanakosa mgao wao, maana mayai na vifaranga hao wengi kila mwaka ni chakula cha samaki na ndege wa pwani nzima. Na mvuvi wa Møre, ambaye babu yake aliwasubiri heringi mlangoni, sasa anachoma mafuta kuwafuata.

Nikiulizwa matarajio ya uvuvi wa heringi yakoje, nitaanza na ugomvi kabla ya samaki. Heringi hawajui mipaka; wanaogelea katika maji ya Norwei, Visiwa vya Faroe, Iceland, Urusi, Umoja wa Ulaya na Uingereza. Kwa miaka kadhaa pande hizo zilikuwa na makubaliano ya kugawana. Mwaka 2013 Visiwa vya Faroe vilijitoa na kujipangia mgao mara tatu ya ule wa awali, vikisema samaki wanakaa zaidi katika maji yao kuliko zamani. Umoja wa Ulaya ukawafungia soko la heringi na makrili mwaka huo, ukawafungulia mwaka uliofuata. Tangu hapo hakujapatikana makubaliano kamili ya nani achukue kiasi gani. Kila mwaka wote wanakaa mezani, wanakubali jumla inayoshauriwa na wataalamu, kisha kila mmoja anakwenda kwao na kujiandikia mgao wake, na ukiijumlisha migao hiyo inazidi jumla waliyoikubali wote. Mwishoni mwa 2020 uvuvi huu ukasimamishiwa cheti cha MSC kinachothibitisha kwamba samaki wamevuliwa kwa namna endelevu.

Wataalamu wanaotoa ushauri ni wa ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari lililoanzishwa 1902, lenye makao yake Copenhagen. Mwaka 2009 kiwango kilichokubaliwa kilikuwa tani 1,643,000. Ushauri wa 2021 ulikuwa takribani tani 651,000. Wa 2024 ukashuka hadi takribani 390,000, na wa 2025 ulikuwa juu kidogo ya 401,000. Anguko hilo halitokani na uvuvi peke yake: baada ya rika la 2004 marika makubwa yalikoma kuzaliwa mpaka 2016, na hakuna serikali inayoweza kuamuru vifaranga waishi. Lakini serikali zinaweza kuamua wazee wangapi wabaki majini kusubiri mwaka mzuri, na hilo ndilo walilolishindwa. Wana elimu, wana meli, wana takwimu za karne nzima na bado hawajaweza kukaa wakagawana. Mimi hilo linanihuzunisha zaidi ya lolote katika habari hii, kwa sababu hawawezi kusema hawakujua.

Na sisi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 meli ya Norwei iitwayo Dr. Fridtjof Nansen, chini ya mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifanya uchunguzi katika maji ya Kenya, ikipima kwa sauti na kwa nyavu kilichomo humu. Watu waliokuwa wakisoma magamba ya heringi Bergen na watu waliokuja kupima maji yetu walitoka taasisi ile ile. Wakati huo taasisi yetu wenyewe ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye makao yake Mkomani, ilikuwa na miaka michache tu tangu kuundwa 1979. Kwa hiyo mwanzo tulikuwa nao. Tulichokosa ni mwendelezo: kupima samaki yule yule, bandari ile ile, mwaka baada ya mwaka, mpaka mjukuu aje asome.

Bahari yetu ni tofauti, nalijua hilo. Hapa hatuna samaki mmoja wa mamilioni ya tani; tuna aina nyingi, kila moja kidogo kidogo, na wengi wa wavuvi wetu hawavuki mwamba. Hata pete za vijiwe vya samaki wetu ni ngumu zaidi kusoma, kwa sababu maji ya kusi na ya kaskazi hayatofautiani kwa baridi kama majira ya Norwei. Tafi anakua haraka na kuzaa mapema, kwa hiyo anavumilia mengi ambayo heringi hawezi. Lakini chewa wetu si tafi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakishakuwa wakubwa ndipo baadhi yao wanageuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, umewamaliza madume, na waliobaki watazaa na nani? Na tunachokitafuta sokoni ni kile kile walichokitafuta wanunuzi wa heringi: mkubwa, wa kutosha sinia la harusi.

Kuhusu njia pia tunayo yetu. Watafiti wa CORDIO, shirika la utafiti wa bahari lenye makao yake hapa Mombasa, walipotaka kujua tafi wanakusanyika wapi kutaga katika pwani ya kusini, waliwauliza wavuvi, na wazee wa Msambweni waliwaonyesha. Walikuwa wanajua mahali na wanajua mwezi. Ami naye alikuwa na miamba yake. Nilipanda naye dau nikiwa kijana, na nilimwona akisimama, akitazama nyuma kuelekea ufukweni mpaka paa fulani likae sawa chini ya mnazi fulani, kisha akigeuza shingo kusini mpaka mnara wa taa wa Ras Serani ujitokeze nyuma ya kitu kingine, na hapo tu ndipo aliposema, "Haya mwanangu, tia." Lema likashuka juu ya mwamba usioonekana. Nikamuuliza nani alimfundisha. "Babako mkubwa," akanijibu, "na yeye alionyeshwa. Hapa hapajulikani kwa kubahatisha." Paa lile limevunjwa na mnazi umekatwa, pamejengwa ghorofa. Vijana wanaovua leo hawana haja ya mnazi, wana GPS kwenye simu, lakini alama za kuitilia GPS hiyo zilikuwa vichwani mwa wazee ambao wengine tumeshawazika.

Ringineti nazo zimefika kwetu zamani, zikiletwa zaidi na wavuvi wa Pemba wanaokuja msimu wa kaskazi, na ugomvi kati yao na wavuvi wa malema na mishipi haujaisha. Sisemi ringineti ni dhambi. Samaki kama una na dagaa wa maji ya wazi wanaweza kuvuliwa kwa ringineti na watu wakala vizuri. Ninalosema ni kwamba wavu unaozingira kundi zima hauchagui mzee na mtoto, na kundi likizingirwa siku linapokwenda kutaga, ule msafara umekatwa pamoja na viongozi wake. Heringi walikuwa tani milioni 10 na walikatika. Sisi tuna kiasi gani cha kuchezea?

Wapo waliojaribu njia nyingine. Kuruwitu, huko Kilifi, wanakijiji walitenga kipande cha bahari katikati ya miaka ya 2000, hekta kama 30 hivi, wakakiacha bila kuvua, na tengefu lao limekuwa mfano kwa vijiji vingi vya pwani. Ni eneo dogo. Lakini ndani yake samaki anaruhusiwa kuzeeka, na hicho ni kitu ambacho sehemu nyingine nyingi za pwani hii hazimpi.

Kila mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba ICES hutoa ushauri mpya wa heringi, nami huufuatilia. Natazama mambo mawili. La kwanza, kama watoto waliozaliwa Lofoten wanaonekana Barents kwa wingi wa maana. Wakionekana, huenda njia mpya ikawa njia nzuri, na heringi watakuwa wamejiokoa wenyewe. La pili, kama pande zote zimetia sahihi mgawanyo mmoja. La kwanza liko mikononi mwa Mungu na mwa mkondo wa bahari. La pili liko mikononi mwa watu wanaokunywa kahawa pamoja kila vuli.

Hapa nyumbani nimeanza na jambo dogo. Katika daftari la bandari yetu kuna safu ya aina ya samaki, safu ya kilo na safu ya bei. Nimewaomba wazee wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wetu, tuongeze safu moja ya urefu, kwa chewa na changu pekee, na nimenunua rula ya chuma ya sentimita 100 tukaipigilia kwenye meza ya mizani. Mwenyekiti aliniuliza itatusaidia nini mwaka huu. Nikamwambia mwaka huu haitatusaidia kitu, wala mwaka kesho. Akacheka, akaniuliza ni nani atakayeandika siku ambazo karani hayupo. Tumekubaliana na mama karanga wawili wanaojua kusoma na kuandika, ambao hawakosi ufukweni. Tunaanza kaskazi hii.